Fonti za Ukingo kwenye Mabango, Stika na Fulana: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Faili ninazoletewa hapa Moshi, pamoja na zile ninazotumiwa na wasomaji walioko Arusha, Usa River na Himo, zina kosa moja linalojirudia. Mtu amechagua fonti ya ukingo, yaani ile ambayo herufi zake zimechorwa mstari wa nje tu huku ndani zikiwa wazi, akaipenda kwenye skrini, akachapisha, kisha neno likapotea siku ile ile bango lilipotundikwa.

Fonti hizi zina uchangamfu ambao herufi nzito za kawaida hazina, na ningesikitika kuona watu wanaziacha kwa sababu ya bango moja lililoharibika. Kinachotakiwa ni kufahamu kwamba kinachofanya herufi ya ukingo isomeke si ukubwa wake, bali ni unene wa mstari wake. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo moja.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye programu ya kuchora ya Inkscape, ambayo hutolewa bure.
- Fonti mbili au tatu zenye leseni inayoruhusu biashara. Napendekeza Londrina Outline na Londrina Solid, au familia ya Bungee. Zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts chini ya leseni huria ya SIL, ambayo inakuruhusu kuzitumia kwenye kazi ya mteja bila malipo, ilimradi huuzi fonti yenyewe peke yake.
- Futi ya kupimia yenye urefu wa mita 5 au zaidi, pamoja na rula ya kawaida.
- Printa yoyote ya A4 na karatasi kadhaa.
- Vipande vya sampuli vya fleksi (turubai la plastiki la kuchapia mabango), stika au kitambaa utakachotumia, katika rangi zake halisi.
- Simu yenye kamera.

Usianze kwa kufungua kompyuta, kwa sababu hatua mbili za kwanza hufanyika kwa kalamu na futi.

## Hatua ya 1: Amua kama kazi yenyewe inafaa

Andika kwenye karatasi maneno yote yatakayokuwepo kwenye kazi yako, kisha uyagawe katika makundi mawili: maneno ya kuvuta macho, na maneno ya kutoa taarifa. Fonti ya ukingo ni ya kundi la kwanza peke yake, na hata huko ninajiwekea kikomo cha maneno matatu.

Inafaa sana kwa jina la duka la aiskrimu au juisi, kibao cha shule ya chekechea, tangazo la tamasha la watoto, lebo ya chupa ya asali na jina la timu kwenye fulana. Kwenye fulana ina faida ambayo wengi hawaifikirii: kwa kuwa wino unaochapwa ni wa mstari tu, kitambaa hakikakamai kifuani, na anayekimbia juani anaendelea kupata hewa.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni karatasi za watoto za kupaka rangi. Chapisha jina la mtoto kwa herufi kubwa za ukingo kwenye A4, mpe kalamu za rangi, na utaona jinsi anavyozunguka kila herufi kwa mkono wake hadi analijua umbo lake. Hapo nafasi iliyo wazi ndani ya herufi ndiyo kazi yenyewe.

Usiitumie kwa namba ya simu, bei, anwani, saa za kufungua, maelekezo ya dawa wala onyo lolote. Abiria aliye juu ya bodaboda ana sekunde chache za kunakili namba, na kwa mstari mwembamba tarakimu 6, 8 na 9 hufanana mno. Taarifa hizo ziandikwe kwa fonti nzito ya kawaida isiyo na madoido.

Umefanikiwa ikiwa kundi la kwanza lina maneno machache kiasi kwamba unaweza kuyatamka kwa pumzi moja.

## Hatua ya 2: Pima umbali wa msomaji, kisha kokotoa unene wa mstari

Nenda mahali bango litakapotundikwa. Simama pale msomaji atakapokuwa, si pale unapopenda wewe, kisha upime umbali kwa futi au kwa hatua za miguu.

Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takribani milimita 0.3 kwa umbali wa mita 1, yaani milimita 3 kwa umbali wa mita 10. Huo ndio mwisho wa uwezo wake katika mwanga mzuri na utulivu. Barabarani kuna vumbi, jua la saa nane na msomaji aliye kwenye mwendo, kwa hiyo mimi huzidisha zaidi ya mara tatu na kutumia kanuni iliyo rahisi kukumbuka: milimita 1 ya mstari kwa kila mita 1 ya umbali.

Niliifikia kanuni hii kwa gharama yangu mwenyewe. Nilimtengenezea mama mmoja bango la fleksi la mita 3 kwa mita 1 kwa ajili ya kibanda chake karibu na stendi kuu ya Moshi, lenye neno SHARUBATI kwa herufi za ukingo zenye kimo cha sentimita 25. Kwenye meza ya karakana lilipendeza hadi tukalipiga picha. Tulipovuka barabara na kugeuka, umbali wa mita 18, tuliona turubai la kijani lenye ukungu wa kijivu katikati, na mama akaniuliza kwa upole kama wino haujakauka. Nilirudi na rula: mstari ulikuwa na milimita 4. Kwa umbali ule, hata jicho zima lilihitaji zaidi ya milimita 5 ili kuuona kwa shida. Bango la pili nililigharimia mimi. Nililiwekea mstari wa milimita 18, na ndilo lililobaki pale.

Ukishapata unene, tafuta kimo cha herufi. Andika H kwa fonti uliyochagua katika kimo cha milimita 100, kisha uweke mstatili juu ya mstari wake na usome upana wa mstatili huo. Ukipata milimita 5, mstari ni sehemu moja ya ishirini ya kimo. Kwa msomaji wa mita 15 unahitaji mstari wa milimita 15, na hivyo herufi zenye kimo cha milimita 300.

Kama nafasi uliyo nayo haitoshi kwa kimo hicho, usipunguze herufi kwa matumaini. Badilisha fonti, au tengeneza ukingo wako mwenyewe kama inavyoelezwa katika hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Sakinisha fonti na uikague kwa maneno ya Kiswahili

Sakinisha fonti, kisha andika maneno yako halisi. Sampuli inayoonyeshwa kwenye tovuti huwa imechaguliwa ili ipendeze, na kwa kawaida si ya Kiswahili.

Lugha yetu ina A nyingi mno. Tazama maneno KARANGA, MATUNDA, SAMAKI na CHAKULA. A ya ukingo ina pembetatu ya nje na pembetatu ndogo ya tundu la ndani, na tundu hilo ndilo linaloziba kwanza herufi inapopunguzwa. SHARUBATI pekee ina matundu matano: mawili ya A, moja la R na mawili ya B. Kwa hiyo ukiwa na fonti mbili unazozipenda kwa usawa, chukua ile yenye tundu kubwa zaidi kwenye A.

Kagua pia kibainishi cha ng’ katika maneno kama ng’ombe. Hakikisha umetumia alama iliyopinda, si kile kijiti kilichonyooka cha kibodi, na uangalie kama ndani yake bado pana uwazi. Katika fonti nyingi za ukingo alama hii hugeuka kuwa doa jeusi.

Onyo: usibonyeze kitufe cha kukoleza herufi, na usizivute kwa upana ili zijaze nafasi. Kukoleza huziba ndani. Kuvuta hufanya mistari ya wima kuwa minene na ya mlalo kubaki myembamba, na fonti ya kuchangamsha huanza kuonekana kama imekanyagwa.

## Hatua ya 4: Panga nafasi kati ya herufi

Herufi za ukingo zinahitaji nafasi kubwa kuliko herufi nzito. Mistari miwili inapokaribiana sana, jicho huisoma kama mstari mmoja mnene, na doa hilo huvuta macho kuliko neno lenyewe.

Jozi za kuangaliwa katika Kiswahili ni WA, YA, VA na TA. Fonti nyingi husogeza A chini ya mkono wa herufi inayotangulia, jambo ambalo ni zuri kwenye herufi nzito lakini kwenye ukingo hufanya mistari iguse. Katika Inkscape weka kishale cha maandishi kati ya herufi hizo mbili, kisha ushikilie Alt na kubonyeza mshale wa kulia hadi nafasi iwe angalau sawa na unene wa mstari.

Ukifumba jicho moja na kufinya lingine, neno zima linapaswa kuonekana lenye weusi ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 5: Tengeneza ukingo kwa usahihi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo naomba uisome hatua hii mara mbili.

Kuna ukingo wa aina mbili. Wa kwanza umo ndani ya fonti yenyewe, kama Londrina Outline au Bungee Outline. Mstari unaouona pale ni umbo lenye kingo mbili, ya nje na ya ndani. Wa pili ni ule unaoutengeneza wewe, kwa kuchukua fonti nzito na kuichora pembeni. Kwa kazi zinazosomwa mkononi au mezani, kama lebo na kadi, tumia wa kwanza. Kwa bango la barabarani nashauri wa pili, kwa kuwa unene unauamua mwenyewe.

Makosa yanayotokana na kuchanganya aina hizi ni matatu. La kwanza ni kuongeza mstari juu ya fonti ambayo tayari ni ya ukingo: kila mstari unakuwa miwili na ndani panaziba. La pili ni kuchora neno dogo lenye mstari wa milimita 1, kisha kulikuza mara kumi huku mpangilio wa programu wa kukuza mstari pamoja na umbo ukiwa umezimwa. Herufi zinakua, mstari unabaki milimita 1. La tatu ni kupeleka herufi nzito yenye mstari wa rangi kwenye mashine ya kukata stika. Mashine haijui unene wa mstari, hufuata njia ya katikati tu, na unapata herufi iliyojaa badala ya ukingo.

Njia ifuatayo inaepuka yote matatu:

1. Andika neno kwa fonti nzito, kwa mfano Londrina Solid katika uzito wa Black, kwa kimo chake halisi cha milimita.
2. Hifadhi nakala ya faili. Ukishavuka hapa huwezi tena kusahihisha tahajia.
3. Badilisha maandishi kuwa mchoro kwa kubonyeza Shift, Ctrl na C kwa pamoja. Tenganisha kundi, kisha unganisha herufi zote kuwa umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha.
4. Lijaze umbo hilo rangi unayotaka mstari uwe nayo, kwa mfano bluu nzito. Ondoa mstari wowote wa pembeni.
5. Rudufu umbo kwa Ctrl na D. Nakala ya juu ipunguze kuelekea ndani kwa Ctrl na mabano ya kufungua. Kiasi cha kila punguzo hupangwa kwenye mapendeleo ya programu. Punguza kwa unene uliokokotoa katika hatua ya 2.
6. Nakala hiyo ya juu ipe rangi ya ndani.

Sababu ya kupunguza ndani badala ya kuongeza nje ni lile tundu la A. Mstari unaoongezwa nje hupanuka pia kuelekea kwenye tundu na kulifunga. Unaochukuliwa ndani ya mwili wa herufi huliacha tundu kama lilivyokuwa. Sharti lake ni kwamba mwili wa herufi uwe na upana wa angalau mara tatu ya mstari, la sivyo rangi ya ndani itabaki uzi.

Umefanikiwa ikiwa, ukiwasha mwonekano wa mistari mitupu kwenye menyu ya mwonekano, kila herufi inaonyesha umbo moja ndani ya jingine bila mistari inayokatizana.

## Hatua ya 6: Chagua rangi

Mpaka sasa nimesema “rangi ya ndani” kana kwamba ni ya hiari. Kwa bango la nje naiona kuwa ya lazima. Herufi iliyo wazi kabisa inaonyesha rangi ya turubai lenyewe, hivyo mstari hubeba mzigo wote peke yake. Ukiweka nyeupe au njano isiyokolea ndani, ile rangi ndiyo inayoonekana kwa mbali, na mstari hufanya kazi yake mtu anapokaribia.

Familia ya Bungee, iliyochorwa na David Jonathan Ross mahsusi kwa ajili ya vibao, imetengenezwa kwa tabaka: unaweza kuweka Bungee ya kawaida chini kwa rangi moja na Bungee Outline juu yake kwa rangi nyingine. Pia inapangika wima, herufi juu ya herufi, jambo linalosaidia kwenye kibao chembamba cha nguzo.

Usiweke herufi za ukingo juu ya picha. Kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro nyuma ya jina la kampuni ya utalii ni kishawishi kikubwa katika miji yetu, lakini theluji, mawingu na mawe hupita ndani ya herufi na kuzivuruga. Kama mteja anaing’ang’ania picha, weka pande la rangi moja nyuma ya neno.

Piga picha ya sampuli zako kwa simu, kisha uigeuze kuwa ya kijivu. Rangi mbili zinazofanana kwenye kijivu, kama nyekundu na kijani vyenye ukolezo sawa, hazitatengana barabarani.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa kipimo cha moja kwa kumi

Chapisha neno peke yake kwenye A4 kwa ukubwa wa sehemu moja ya kumi. Neno la mita 2 litakuwa la sentimita 20. Libandike ukutani na usimame katika sehemu moja ya kumi ya umbali halisi: kwa mita 18, simama mita 1.8. Jicho litaona kile kile litakachokiona barabarani.

Mwite mtu asiyejua neno hilo, apite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama, kisha umuulize ameona nini. Akikisia, rudi hatua ya 5 na uongeze mstari. Usimsaidie hata kwa herufi ya kwanza.

## Hatua ya 8: Andaa faili kulingana na inakokwenda

Kwa fleksi, toa PDF ambayo herufi zake zimebaki michoro kama katika hatua ya 5, si picha, na uache sentimita 10 kila upande bila maandishi kwa ajili ya upindo na pete za kamba.

Kwa stika ya kukatwa, mstari usipungue milimita 3, kwani ukiwa chini ya hapo utepe hukatika wakati wa kubandua masalia. Kama unabandika ndani ya kioo ili isomeke nje, geuza faili kama kwenye kioo.

Kwa fulana, wino unaochapwa kupitia skrini ya wavu unahitaji mstari wa angalau milimita 1. Ukitumia stika ya kupigwa kwa joto, weka milimita 2 na ugeuze faili. Osha fulana moja ya majaribio mara tatu kabla ya kuchapa zote. Pembe kali za A na K ndizo huanza kunyanyuka.

Kwa ukuta unaochorwa kwa mkono, fahamu kwamba herufi ya ukingo haiwezi kukatwa kama stensili moja, kwa sababu sehemu ya ndani hudondoka mara tu ukimaliza kuizungushia kisu. Kata stensili mbili: ya umbo lote, itakayopakwa rangi ya mstari, na ya umbo lililopunguzwa, itakayopakwa rangi ya ndani baada ya ile ya kwanza kukauka kabisa. Kila tundu liachiwe vishikizo viwili vya upana wa kidole, ambavyo fundi atavijaza baadaye kwa brashi ndogo.

## Hatua ya 9: Kagua mahali penyewe

Tundika bango, kisha urudi pale ulipopimia katika hatua ya 2. Lisome saa tatu asubuhi, saa nane mchana, na tena saa kumi na mbili jioni jua linapolipiga kwa ubavu au kutokea nyuma yake. Bango linaloelekea magharibi hung’aa jioni, na fleksi yenye mng’ao hufuta mstari mwembamba kwa nusu saa nzima; kubadili pembe ya upande mmoja wa kamba kwa sentimita chache mara nyingi hutosha.

Rudia ukaguzi baada ya mwezi mmoja. Vumbi la kiangazi huingia zaidi kwenye rangi ya ndani iliyo nyeupe na kupunguza tofauti yake na mstari, kwa hiyo mwachie mteja kitambaa laini, na mwambie afute kwa maji yenye sabuni kidogo, kuanzia juu kwenda chini.